Heko kwa Wapiga Hendeli

Dereva wa leo anageuza ufunguo, trekta linanguruma. Mkulima wa Fordson Model F, trekta lililoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1917, aliianza siku kwa nguvu za mkono wake. Hakuwa na betri wala stata. Alikuwa na hendeli mbele ya rejeta, na ujuzi.

Kazi hiyo ilidai akili kabla ya misuli. Kwanza gia iwe huru, la sivyo trekta likiwaka litamvamia aliyesimama mbele yake. Kisha afungue petroli, maana injini baridi haikubali mafuta ya taa; hayo huja ikishapata moto. Acheleweshe cheche, avute choki, ndipo ashike hendeli. Kidole gumba hukaa upande mmoja na vidole vingine, ili injini ikirudisha kinyume, hendeli ichomoke kiganjani bila kuvunja mkono. Huvutwa kwenda juu kwa mkupuo mmoja, wala haisukumwi kwenda chini. Sumaku zilizo kwenye flaiwili zikizunguka, umeme wa cheche hupatikana, na silinda nne huitikia.

Nawavulia kofia wakulima hao. Asubuhi ya baridi, shamba likingoja, walirudia hatua zote kwa utulivu, kwani pupa ingewagharimu mkono. Heko pia kwa wanaoyatunza matrekta hayo hadi leo na kuwaonyesha vijana namna ya kuyawasha. Wanalinda ujuzi uliolisha watu wengi, nao wanastahili shukrani zetu.