Namna ya kupima ubora wa programu za nukta elea finyu

Namba ya nukta elea ya biti 16, kwa kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 2008, ina biti 1 ya alama, 5 za kipeo na 10 za tarakimu. Kubwa kuliko zote ni 65,504, na kupita 2,048 namba witiri hazipo tena. Hupendwa kwa kuwa inachukua nusu ya nafasi ya namba ya biti 32. Fundi mwenye jicho haanzii kwenye kasi. Hutazama kwanza mahali jumla inapokusanywa.

Tuseme mnunuzi wa dhahabu huko Magamba, Mpanda, ana orodha ya vipimo 4,096, kila kimoja gramu 0.1. Jumla halisi ni gramu 409.6. Orodha hiyo ikikunjwa kuanzia kushoto, kipimo kimoja kimoja, kwa biti 16, jibu ni 256. Jumla ikifika 64, kila 0.1 inayoongezwa huhesabiwa kuwa 0.125, hivyo dhahabu huonekana nyingi kuliko iliyopimwa. Ikifika 256, namba inayofuata ni 256.25, 0.1 haifikii nusu ya pengo hilo, basi jumla haisogei tena, na hakuna onyo lolote. Vipimo vilevile vikijumlishwa viwili viwili, kisha jozi kwa jozi, biti zilezile 16 hutoa 409.5. Tofauti yote imeletwa na mpangilio tu.

Ndiyo maana lugha za kifanksheni zinahitaji uangalifu wa pekee. Futhark, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Copenhagen, hugawanya ujumlishaji kwa kuamini kwamba kuhamisha mabano hakubadili jibu. Kwa nukta elea hubadili. Kazi bora huhifadhi data kwa biti 16 na kujumlisha kwa biti 32, tena aina ya fanksheni ikionyesha wazi badiliko hilo. Panapofichwa, pana shaka.

Bfloat16, aina nyingine ya namba za biti 16, yenye biti 8 za kipeo na 7 za tarakimu, hufika mbali kama biti 32, lakini ukihesabu moja moja hukwama kwenye 256. Ile ya IEEE, kwa upande wake, hufurika 256 ikizidishwa kwa yenyewe.

Mwisho hukaguliwa NaN, yaani thamani isiyo namba. Hailingani hata na nafsi yake, hivyo ikitumiwa kama ufunguo wa kamusi katika Haskell, kilichowekwa hapo hakipatikani tena kwa kutafutwa.