Mikono Inayochota Uloto

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye selimundu nyingi nchini Tanzania, na Mkoa wa Mara umo. Mzazi wa Tarime au Mugumu mwenye mtoto mgonjwa anaujua usiku wa maumivu ya mifupa na mahangaiko ya kutafuta damu. Tangu 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikiza watoto wa namna hiyo uloto wa ndugu zao.

Ni kazi ya mikono yenye subira. Mchangiaji hulazwa kifudifudi, amelala kwa dawa ya usingizi. Daktari hutoboa mfupa wa nyonga kwa sindano nene, huvuta mililita chache tu, husogeza ncha kidogo, huvuta tena. Akiwa na pupa akavuta nyingi kwa mkupuo, bomba hujaa damu na uloto hubaki mfupani. Kinachopatikana huchujwa vipande vya mfupa na mafuta, kisha hutundikiwa mgonjwa kama damu. Chembe za uloto hutafuta zenyewe njia ya kwenda mifupani, na huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kazi.

Ugumu uko kwenye kulingana kwa tishu za mchangiaji na za mgonjwa: kwa watoto wa baba na mama mmoja, uwezekano ni mmoja kati ya minne.

Asiye na ndugu anayelingana naye hubaki akitafuta kwingine; ndiyo maana nawastahi mafundi wanaookoa uloto wa marehemu. Joseph Ferrebee na E. Donnall Thomas waliujaribu huko Cooperstown, Marekani, miaka ya 1950; Thomas akaja kupata Tuzo ya Nobel 1990. Leo kampuni ya Ossium Health ya Marekani huchukua pingili za uti wa mgongo wa marehemu aliyechangia viungo. Pingili husafishwa nyama na gegedu, husagwa, huoshwa, huchujwa. Chembe hupoozwa taratibu, takriban nyuzi moja kwa dakika, barafu isije ikazipasua, kisha huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Hapo zinaweza kumngoja mgonjwa kwa miaka.

Ufundi huo hauwezi kitu bila familia iliyokubali, siku ya msiba, marehemu wao achangie. Basi wazee wa koo za Tarime na Serengeti, lizungumzeni jambo hili tukiwa wazima. Nanyi wazazi, mpimeni mtoto selimundu mapema. Mkishauriwa kupandikiza, wapelekeni na ndugu zake wakapimwe.