Ganzi ya Ngozi na Mshipa Uliojificha

Mtu asiyepata kusimama kando ya kitanda cha mtoto mwenye homa, huku muuguzi akiupapasa mkono mnono wa kitoto kwa ncha ya kidole akitafuta mshipa usioonekana, aghalabu hudhani kwamba kazi ya kutia kanula, yaani mrija mwembamba wa kuachwa mshipani, ina taabu moja tu, nayo ni uchungu wa sindano. Kumbe taabu ni mbili, na dawa iliyotungwa kuiondoa ya kwanza huweza, kwa kitambo, kuizidisha ya pili.

Ngozi, hasa tabaka lake la juu kabisa, ni boma lisiloruhusu dawa iliyoyeyushwa katika maji kupenya kwa wepesi, na ndiyo sababu kwa miaka mingi ganzi yenyewe ilidungwa kwa sindano, yaani mgonjwa aumizwe ili asiumizwe. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Astra ya Uswidi ilitoa marhamu iitwayo EMLA, na hila iliyotumika yastahili kutazamwa kwa makini: ndani yake mna dawa mbili za ganzi, lidokaini na prilokaini; lidokaini peke yake ni unga usioyeyuka mpaka joto lifike nyuzi 68 hivi za Selsiasi, na prilokaini nyuzi 37 hivi, walakini zikichanganywa kwa uzani sawa hugeuka mafuta hata kwenye nyuzi 18, pasipo kiyeyushi chochote; mafuta hayo yakivurugwa na maji huwa matone madogo sana, hata marhamu nzima, ijapokuwa ina asilimia 5 tu ya dawa, hubeba matone yaliyojaa ganzi.

Hupakwa nene bila kusuguliwa, ikafunikwa kwa utando wa plastiki muda usiopungua dakika 60, ganzi ikashuka kiasi cha milimita 3. Hapo ndipo taabu ya pili inapochomoza, maana dawa hii huikunyata mishipa midogo, ngozi ikapauka, na mshipa uliokuwa dhahiri kabla ya kupaka ukatoweka. Wajuzi huipangusa, wakangoja dakika 10 au 15 damu irejee, ndipo wafunge mpira mkononi. Jeli ya tetrakaini ya asilimia 4 haina kasoro hiyo, kwani huitanua mishipa, nayo hutosheka na dakika 45. Lau ningepewa hiari, ningeichagua hiyo, hasa kwa kuwa prilokaini yataka hadhari kwa watoto wachanga, ambao damu yao huweza kupungukiwa na uwezo wa kuchukua oksijeni.

Wako waliouacha uchungu wakaushughulikia mshipa wenyewe. Nitrogliserini, ile ile iliyotiwa na Alfred Nobel katika baruti yake, na ambayo William Murrell aliisifu mwaka 1879 katika jarida la Lancet kwa maumivu ya moyo, ilirudi katika jarida hilo hilo mwaka 1983 ikiwa marhamu ya kupakwa mkononi: hutoa oksidi ya nitriki, misuli ya ukuta wa mshipa ikalegea, mshipa ukavimba. Mpakaji asiyevaa glavu huumwa kichwa yeye, na mgonjwa mwenye shinikizo dogo la damu hafai kupakwa.

Katika wodi yenye foleni, saa nzima ya kungoja ganzi haipatikani kwa kuiomba wakati trei ya sindano imekwisha kuletwa. Marhamu ya ganzi na ipakwe mlangoni, mtoto anapoandikishwa, mahali pawili pa mkono, kwa kuwa mshipa wa kwanza huenda ukakataa.