Poka Yetu Si Poka Yao

Pita stage yoyote ya boda Ntimaru mchana, soko likiwa limepoa, na utasikia mtu akitangaza "Niko kadi!" huku wenzake wakimtafutia 2, 3 ama Jokari ya kumlazimisha aokote. Wengi wetu Kenya huo mchezo tunauita poka. Shida ni kwamba ukiandika hilo jina kwenye simu, unaletewa mchezo mwingine kabisa, na huo unataka pesa.

Nimeamua kuzisoma poka za mtandaoni vile ningesoma riwaya: nani anaficha nini, na siri hiyo inamfaidi nani?

Texas Hold'em ndiyo inayotawala. Ilishika moto zaidi mwaka 2003, pale Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyefuzu kupitia mashindano ya mtandaoni ya dola 86, aliposhinda dola milioni 2.5 Las Vegas. Unapewa karata 2 za siri, kisha 5 zinawekwa wazi mezani kwa wote. Kama hadithi, imesukwa vizuri: unaona karibu kila kitu isipokuwa kile unachohitaji kujua. Five-card draw, ile ya filamu za kaubói, inaficha mkono wote. Seven-card stud inafunua karata 4 kati ya 7 za kila mchezaji, na kwangu ndiyo inayomheshimu zaidi mtu mwenye kumbukumbu nzuri.

Omaha ndiyo inanitia wasiwasi. Unashika karata 4 na lazima utumie 2 kati yake, si zaidi si chini. Hesabu kidogo niliyotoka nayo chuo kabla sijaacha inatosha hapa: karata 2 ni jozi moja tu, lakini karata 4 zinakupa jozi 6. Kila mtu anaona mkono wake ni mtamu, kwa hivyo wengi wanabaki na pesa zinarundikana mezani.

Pesa zikirundikana, kampuni inayoendesha meza inakata yake. Tuseme watu 6 wameleta shilingi 500 kila mmoja, jumla 3,000, na kila raundi inakatwa shilingi 10. Baada ya raundi 100, shilingi 1,000 zimeenda na hakuna mchezaji aliyezishinda. Mnanyang'anyana 2,000 zilizobaki. Huyu ndiye mhusika mkuu wa hadithi, na hashiki karata hata moja.

Kisha kuna mtindo wa haraka: ukitupa karata tu, unahamishiwa meza nyingine yenye watu wengine. Poka husifiwa kwa kusoma binadamu, nani anatetemeka, nani anajifanya. Hapa binadamu ameondolewa na kilichobaki ni kasi. Kama kazi ya sanaa, ni kitabu kilichong'olewa wahusika. Kama biashara, inaeleweka vizuri sana: raundi nyingi, makato mengi.

Linganisha na kadi. Sheria inakulazimisha uwaonye wenzako kabla ya kumaliza, la sivyo ushindi wako hauhesabiki. Idadi ya karata zako iko wazi kwa kila jicho. Malkia na 8 ni maswali, na ukiuliza unajijibu mwenyewe. Aliyeshindwa anachanga karata, maisha yanaendelea.

Sisemi Hold'em ni mchezo mbaya. Kwa usukaji inaishinda kadi yetu mbali. Lakini msee aliyekomaa kwa kadi akiona neno "poka" kwenye simu, anaingia akiamini ana uzoefu wa miaka kumi. Uzoefu wake ni wa mchezo unaopiga kelele kabla ya kukumaliza. Huu mwingine unamaliza watu kimya kimya, wakiwa na bundles na salio la M-Pesa. Kabla hujaweka hata mia, jiulize swali moja: kila raundi, nani anakata na anakata ngapi? Ukikosa jibu, funga hiyo simu.