John Kani Humjenga Mhusika Kuanzia Kazini

Tamthilia ya The Island inaanza bila neno hata moja. Wafungwa wawili wanachimba mchanga. Kila mmoja anajaza toroli, analisukuma kwa taabu hadi mwenzake anapochimba, anamwaga, anarudi. Mwenzake naye anafanya hivyo hivyo, kwa hiyo mafungu hayapungui na kazi haiishi. Jukwaani hakuna mchanga, wala beleshi, wala toroli. Iko miili miwili tu na miguno ya watu waliochoka. Hakuna anayeharakisha. Kadiri muda unavyokwenda, mtazamaji anayaona mabega yakielemewa na mzigo ambao haupo, na anajikuta anatamani waachiwe wapumzike.

Mmoja wa wale wawili ni John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini, mwingine ni mwenzake Winston Ntshona. Waliitunga tamthilia hiyo mwaka 1973 pamoja na mwandishi Athol Fugard, wakaigiza wafungwa wenye majina yao wenyewe, John na Winston.

Wengi wetu tumemfahamu Kani akiwa mzee tayari. Tulimwona akiwa Mfalme T'Chaka katika Captain America: Civil War (2016) na Black Panther (2018), tukamsikia akiwa Rafiki katika The Lion King ya 2019. Ukizipanga kazi zake zote, kuanzia maigizo ya New Brighton, kitongoji cha Waafrika cha Port Elizabeth alikozaliwa mwaka 1943, hadi Shakespeare na Hollywood, utadhani hazina undugu. Mimi naona undugu wake uko mahali pamoja: Kani humjenga mhusika kuanzia kazi inayomlisha.

Mtazame Styles katika Sizwe Banzi Is Dead (1972). Ni mpigapicha mwenye studio ndogo. Anaingia na gazeti, anasoma vichwa vya habari, na gazeti linamkumbusha miaka yake katika kiwanda cha Ford. Bosi mkubwa anakuja kutoka Marekani, basi kiwanda kinafagiliwa, wafanyakazi wanagawiwa ovaroli mpya na kuamriwa waimbe kwa furaha. Mnyapara anatoa maagizo, Styles anawatafsiria wenzake, lakini tafsiri yake ina yake ndani. Hapo Kani peke yake anakuwa umati: mnyapara, wafanyakazi, mgeni anayepita haraka na kutoka. Anabadilisha shingo, mwendo na sauti, nawe unawatambua wote. Kani mwenyewe aliwahi kufanya kazi Ford. Vichekesho vile vilitoka kwenye sakafu ya kiwanda aliyoijua kwa miguu yake.

Kiini cha tamthilia hiyo ni kipande, kile kitabu cha pasi kilichoamua Mwafrika aishi wapi na afanye kazi gani. Sizwe Banzi, mteja anayekuja kupigwa picha kwa Styles, anaokoka kwa kuchukua kipande cha maiti. Na wakati huo huo, waigizaji wa tamthilia hiyo, Kani na Ntshona, waliandikishwa kama watumishi wa nyumbani wa Fugard, maana serikali ya makaburu haikutambua uigizaji kuwa kazi ya mtu mweusi. Mwaka 1975 "watumishi" hao wawili walipewa kwa pamoja tuzo ya Tony ya mwigizaji bora huko New York. Mwaka uliofuata walikamatwa Transkei kwa sababu ya tamthilia hiyo hiyo.

Mwaka 1987, katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, Kani aliigiza Othello chini ya uongozi wa Janet Suzman. Othello ni jemadari mweusi anayeipigania Venice: ujuzi wake unahitajika, lakini ndoa yake na binti wa kizungu haivumiliki. Kwa watazamaji wa Johannesburg wa wakati ule, hadithi hiyo haikuwa ya Venice hata kidogo.

Alipoanza kuandika tamthilia peke yake, mazoea yake hayakubadilika. Nothing But the Truth (2002) inamhusu Sipho Makhaya, mkutubi wa New Brighton aliyetumikia maktaba muda mrefu na anangoja cheo cha mkutubi mkuu. Ndugu yake aliyefia uhamishoni London anarudishwa akiwa majivu, na Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi, inaendelea kusikiliza mashahidi. Mwandishi mwingine angeanza na tume. Kani anaanza na mtu mpole, nadhifu, aliyezoea kila kitabu kiwe kwenye rafu yake. Ndiyo maana Sipho anapolipuka na kudai haki kwa mwanawe aliyeuawa, ukumbi unatikisika: umemwona akijizuia kwa muda mrefu. Na baada ya hasira ile, anachotaka kumwomba rais ni maktaba kwa ajili ya watu wa mtaa wake.

Katika Kunene and the King (2019), aliyoigiza na Antony Sher, mhusika wake ni muuguzi, Lunga Kunene. Anamhudumia nyumbani mwigizaji mzungu mwenye saratani ya ini, anayeng'ang'ania kujiandaa kuwa King Lear. Miaka 25 baada ya uchaguzi wa 1994 uliomaliza utawala wa ubaguzi wa rangi, siasa yote ya nchi inapita katika dawa, chakula na swali la nani alale chumba gani.

Hata ndani ya filamu yenye mashujaa wanaoruka angani, Kani alikuja na chake. Ndiye aliyependekeza T'Chaka azungumze na mwanawe kwa Kixhosa, na Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hizo, ikapata lugha yake hapo.

Mwigizaji chipukizi wa Dar es Salaam, Mombasa au Lubumbashi anayetaka kujifunza kwake asianzie Wakanda. Aitafute filamu ya Nothing But the Truth, ambayo Kani aliiongoza mwenyewe mwaka 2008, kisha aisome The Island. Halafu aende akamtazame fundi cherehani au mpakia mizigo wa mtaani kwake, amtazame vizuri na bila haraka, ndipo arudi kuyakariri maneno yake.