Nasaba, Mifupa na Kiburi cha Rangi



Mwezi wa Machi 2023 jarida la sayansi la Nature lilitoa utafiti juu ya asili ya watu wa pwani yetu. Wataalamu, miongoni mwao Chapurukha Kusimba na David Reich, walichunguza vinasaba katika mabaki ya watu 80 walioishi baina ya mwaka 1250 na 1800, waliozikwa Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na kwengineko. Habari hizo zimefika mabarazani, na kila mtu amechukua kipande kimpendezacho. Basi yafaa tuupime utafiti huu kwa uadilifu.

Umesema nini? Ya kwamba tangu kiasi cha mwaka 1000 Miladia, Waafrika wa pwani walioana na watu wa Asia, wengi wao wakiwa Waajemi. Na baada ya 1500 damu ya Bara Arabu ikazidi. Kwa wengi wa waliochunguzwa, asili ya upande wa baba ilitoka ng'ambo, lakini ya upande wa mama ilikuwa ya Afrika.

Kwa hivyo asemaye kuwa kisa cha Washirazi ni hekaya tupu, amejibiwa. Na ajionaye Mshirazi mtupu, naye amejibiwa. Nasaba tulizohifadhi zilihesabu baba kwa baba, na jina la mama likaachwa njiani. Ilhali mama ndiye aliyewafunza watoto kusema. Kiswahili kimebaki Kibantu, juu ya wingi wa maneno yake ya Kiarabu.

Lakini utafiti huu una mipaka yake. Magofu ya Kaole, hapa jirani na Bagamoyo, yenye msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, hayamo. Tena makaburi ya mawe aghalabu ni ya wenye nafasi. Mvuvi na mkulima walizikwa mchangani bila ya nguzo. Na Bagamoyo katika karne ya 19 ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya bara. Humu tumo Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Mashomvi, Wanyamwezi, Wamanyema, Waarabu na Mabulushi. Watu 80 wa miji mingine hawawezi kutusemea sote.

Ama rangi, isikughuri. Ngozi nyeusi ni kinga ya jua kali. Na penye jua hafifu, ngozi nyeupe huusaidia mwili kupata vitamini D. Imo katika Bukhari habari ya mtu aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akiona ajabu mkewe kuzaa mtoto mweusi. Mtume akamwuliza juu ya ngamia wake wekundu: yule wa kijivu ametoka wapi? Akajibu kuwa huenda ni mshipa wa asili umemvuta. Mtume akamwambia kuwa huenda na mtoto wake ni vivyo hivyo.

Jambo linalohuzunisha ni hili: posa hurejeshwa kwa ajili ya nywele na rangi ya mchumba, kwa kisingizio cha kufu, wala hapana aulizaye habari ya selimundu. Kinasaba chake kimeenea pwani kwa sababu ya malaria, maana aliyekirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya malaria kali. Lakini wakioana wawili walio nacho, katika kila mimba iko nafasi moja kati ya nne mtoto kuzaliwa mgonjwa. Nacho kiko Afrika, Arabuni na India; hakichagui mweupe wala mweusi.

Basi ewe mzazi, ukitaka kuulizia damu ya mchumba, ulizia hiyo, na umpeleke pamoja na binti yako wakapimwe kabla ya nikaha. Halafu tazama dini yake na tabia yake. Sura ya Hujurat, aya ya 13, imetufahamisha kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba ubora ni wa wenye kumcha Mungu.

Wabillahi tawfiq.