Hongera Waongozaji na Wagumu wa Kilimanjaro

Mgeni akifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, picha anapigwa yeye. Aliyeipiga hatajwi. Leo tumtaje: ni mwongozaji.

Chukua njia ya Lemosho, mojawapo ya njia za kupanda mlima huu: ni takriban kilomita 70, kwa kawaida siku saba au nane. Mwongozaji mzuri hakubali kuharakishwa. Siku ya Lava Tower anawapandisha watu hadi mita 4,600 hivi, kisha anawateremsha kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000. Wageni hunung'unika kwamba wametoka jasho bure. Kumbe ndipo mwili unapozoea hewa nyepesi. Jioni anapita hema kwa hema na kile kipimo cha kidoleni, anasoma oksijeni, anauliza kama umekula, anaangalia kama unayumba. "Pole pole" yake ni tiba, ingawa wauza fulana wameifanya pambo.

Usiku wa kilele, kutoka kambi ya Barafu, kazi yake ngumu kuliko zote ni kumwambia mtu aliyelipa maelfu ya dola: ndugu yangu, tunashuka. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe.

Na wagumu, yaani wapagazi, je? Kanuni za hifadhi zinataka mzigo usizidi kilo 20. Hata na mzigo huo wanakupita njiani, na ukifika kambini hema limeshasimama na chai imechemka.

Basi wewe unayepanga safari hii, kabla hujailipa kampuni yoyote, uliza wagumu wake wanalipwa kiasi gani, wanakula mara ngapi kwa siku, na wanalala wapi.